Kanjo ilikufa 2013, jina likabaki

Kila msee wa Nairobi anajua kutoka mbio akisikia "kanjo wanakuja!" Lakini kanjo yenyewe ilikufa 2013. Neno lenyewe tulilikopa kutoka kwa Waingereza, tukaliita hivyo lile Baraza la Jiji lililotutawala kabla ya kaunti. Mimi chuo niliacha, lakini hii historia haihitaji digrii. Inahitaji tu mtu akuambie.

Enzi za baraza, wewe ulikuwa unachagua diwani, basi. Meya alichaguliwa na madiwani wenyewe kwa wenyewe. Na juu yao wote alikuwepo Waziri wa Serikali za Mitaa, mwenye nguvu ya kuwafunga breki.

Breki zenyewe zilifungwa 1983. Serikali ililaumu Baraza la Jiji la Nairobi kwa usimamizi mbovu, ikalivunja na kuweka Tume ya Jiji, watu wa kuteuliwa. Ilifaa iwe ya muda tu. Ikaongezewa muda tena na tena, hadi uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992. Hebu piga hesabu: karibu miaka kumi, mji mkuu mzima hauna diwani hata mmoja aliyepigiwa kura. Aliyezaliwa mwaka ule wa 1983 aliingia shule ya msingi kabla wazazi wake hawajapata diwani.

Sasa ndio utaelewa kwa nini Katiba ya 2010 ni kali hivi. Kifungu cha 177 kinasema bunge la kaunti linachaguliwa kwa miaka mitano, siku ile ile tunayochagua wabunge, Jumanne ya pili ya Agosti. Kenya nzima kuna wadi 1,450, Nairobi peke yake 85. Wengine huongezwa kupitia orodha za vyama, ili jinsia moja isizidi theluthi mbili, na vijana na walemavu pia wapate viti.

Je, Rais anaweza kuvunja kaunti leo? Anaweza kuisimamisha, lakini si kwa kuamka vibaya. Kama si vita au dharura, lazima tume huru ichunguze kwanza, halafu Seneti ikubali. Hata hapo, mwisho ni siku 90, kisha wananchi wanarudi debeni. Makueni ilikaribia sana: gavana na MCA walipigana mpaka wakazi wakaomba kaunti yao ivunjwe, na tume ikakubaliana nao. Rais Uhuru alikataa 2015. Siku 90 dhidi ya miaka karibu kumi. Hiyo ndiyo tofauti.

Ila kuna kitu watu hawasemi. Gavana anapewa vipindi viwili tu, kisha aende nyumbani. MCA hana kikomo. Anaweza kukaa miaka 30 kama mtaa utaendelea kumrudisha. Katiba ilimwondoa waziri aliyekuwa anafuta kura yetu, halafu ikatuachia sisi kazi ya kumwambia MCA imetosha.

Kwa hivyo ukisema "MCA ni wa nini, mi napigia Rais tu," jua kuna wazee wetu hapa Nairobi walionyimwa hiyo kura karibu miaka kumi. Wewe hakuna anayekunyima. Unajinyima mwenyewe.