Waya za meno na ganda la plastiki: jino husogezwaje?

Jino halijapigiliwa kwenye taya kama msumari. Limeshikwa na nyuzi laini zilizo kati ya mzizi na mfupa, ndiyo maana linaweza kuhama. Likisukumwa taratibu kwa muda mrefu, mfupa wa upande linakoelekea huliwa, na upande linakotoka hujengeka mfupa mpya. Mwendo wake ni kama milimita 1 kwa mwezi. Nguvu nyingi haziharakishi kazi, na zinaweza kuula mzizi wenyewe.

Msikilizaji anayefikiria kumpeleka mtoto kunyooshwa meno atasikia njia mbili.

Ya kwanza ni waya, yaani bresi. Daktari hugandisha kishikizo kidogo kwenye kila jino, kisha hupitisha waya mmoja. Waya ukipindwa kufuata meno yaliyopishana hutaka kurudi kwenye umbo lake, na ukirudi hurudi na meno. Ya pili ni ganda angavu la plastiki, wengine huliita alaina. Hutengenezwa likiwa limenyooka kidogo kuliko meno yalivyo, hivyo likivaliwa huyasukuma, karibu robo ya milimita. Baada ya wiki 1 au 2 huvaliwa jingine.

Sasa chukua pondo lililokitwa kwenye tope. Ukilisukuma juu, linalala tu. Jino nalo ni hivyo hivyo, maana tunagusa kichwa na mzizi umezikwa. Ili mzizi nao uhame, kichwa kisukumwe huku kikizuiwa kulala. Waya wa pembe nne ndani ya mfereji wa kishikizo huifanya kazi hiyo vizuri. Plastiki huteleza, kwa hiyo daktari hubandika vinundu vya rangi ya jino ili ganda lipate pa kushika. Hata hivyo, kuzungusha chonge au kuvuta jino litoke zaidi kwenye fizi bado kunalishinda ganda mara nyingi. Matangazo ya mtandaoni hayasemi hilo. Kwa mwanya au meno yaliyopishana kidogo, ganda linatosha.

Waya hufanya kazi usiku na mchana, mtoto apende asipende. Ganda hufanya kazi likiwa mdomoni tu, saa 20 hadi 22 kwa siku, na chai ya moto hulipinda. Lakini kishikizo kikibanduka kwa muwa au korosho ngumu, ni nauli ya kurudi kwa daktari, na kutoka Kiranjeranje si safari ndogo.

Mabingwa wa kupanga meno ni wachache, na wengi wako mijini. Anza kwa kuulizia huduma ya meno Hospitali ya Kinyonga, Kilwa Kivinje, au Sokoine mjini Lindi, upate ushauri na rufaa. Usimfunge mtoto mpira wa kufungia pesa ili kuziba mwanya: mpira hupanda chini ya fizi hadi kwenye mzizi, na jino zima likang'oka.

Kwa njia zote mbili, kazi ikiisha meno hutaka kurudi yalikotoka. Uliza mapema bei ya kifaa cha kuyashikilia, kwa sababu kitavaliwa usiku kwa miaka.