Mhunzi na Bunduki

Wasomaji wetu wanakumbuka habari iliyo katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, ya kuwa Wafilisti hawakuruhusu mhunzi hata mmoja katika nchi ya Israeli, wasije Waebrania wakajifanyia panga na mikuki. Mtu akitaka kunoa jembe lake, sharti ashuke kwa adui zake. Basi sheria ya kukataza watu kufua silaha ni ya kale sana, na kila inapowekwa yafaa tuulize: Imewekwa na nani, na kwa faida ya nani?

Hapa Ugogo babu zetu walipigana kwa mikuki na ngao. Bunduki nyingi zilikuja na misafara ya pwani, iliyopita kwenda Unyanyembe na kulipa hongo kwa watemi wetu. Zilikuwa magobori: baruti humiminwa kinywani mwa kasiba, hushindiliwa kwa mdeki, kisha hutiwa risasi. Kwa magobori hayo ndovu waliuawa, na kwa hayo hayo watu walikamatwa wakauzwa. Mwaka 1888 balozi wa Waingereza huko Unguja alikadiria ya kuwa bunduki 80,000 hata 100,000 huingia Afrika ya Mashariki kila mwaka.

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yalitia sahihi mapatano katika mji wa Brussels, ili kukomesha biashara ya watumwa. Bunduki za namna mpya zilikatazwa kuletwa katika sehemu kubwa ya Afrika, ila kwa ruhusa maalum. Mwenyeji aliachiwa gumegume na baruti ya kawaida, navyo chini ya ulinzi wa serikali.

Tusifiche kweli. Sheria ile iliwazuia wauza watumwa, nayo iliwafaa watawala pia. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa waliwashinda Wadachi huko Lugalo, wengi wao kwa mikuki, wakateka bunduki karibu 300. Walakini Wadachi waliweza kuagiza silaha nyingine kwao, na Mkwawa hakuweza. Mwaka 1894 ngome yake ya Kalenga ikatwaliwa.

Kwa hiyo wako wasemao, “Sheria ya bunduki ni ya wakoloni, mbona tuishike?” Neno hili lina nguvu, lakini halitoshi. Nchi yetu ilipata uhuru mwaka 1961, na Bunge letu wenyewe lilitunga sheria ya silaha mwaka 1991, kisha nyingine mwaka 2015. Kutengeneza bunduki bila leseni ni kosa. Sheria ya Wafilisti ilimwondoa mhunzi pamoja na jembe lake. Sheria hii yamwachia jembe, shoka na kisu, yamkataza kufua bunduki kwa siri tu.

Na sababu yake si ngumu. Bunduki ya leseni ina namba, na jina la mwenyewe limeandikwa. Ikimwua mtu, yuko wa kuulizwa. Gobori lililofuliwa usiku kwa bomba la maji halina namba wala baba. Bomba halikufanywa kustahimili baruti, laweza kumpasukia mwenye kulipiga. Leo liko kwa mkulima, kesho kwa jangili, kesho kutwa kwa mnyang’anyi.

Twajua ya kuwa jaribu haliji kwa sura ya uovu. Huja shemeji yako, nguruwe wamemaliza mtama wake, naye asema, “Nifulie moja tu.” Ni vigumu kumkatalia mtu mwenye njaa. Lakini afadhali mhunzi afunge kiriba chake, afuatane naye kwa viongozi wa kijiji wakaombe msaada wa askari wa wanyama pori, kuliko kumpa kitu ambacho hakuna ajuaye kitamwua nani. Na mwenye kuficha gobori nyumbani asingoje kukamatwa. Mwaka 2022 serikali ilitoa msamaha kwa wenye kusalimisha silaha kwa hiari, Septemba hata Oktoba.

Jembe alilofua mhunzi hulitambua kila mtu, naye hulionea fahari. Kazi ambayo fundi hathubutu kuitia jina lake, na asiifanye.