Vichaka na Rutuba ya Udongo katika Jangwa la Chihuahua: Historia ya Mabadiliko ya Fikra

Uwanda wa Jornada, kaskazini mwa mji wa Las Cruces katika jimbo la New Mexico nchini Marekani, ni miongoni mwa nyika kavu chache ambazo kumbukumbu za uoto wake zinarudi nyuma zaidi ya karne moja na nusu. Mwaka 1858 wapima ardhi wa serikali waliandika katika madaftari yao hali ya nyasi na vichaka walivyovikuta. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, Buffington na Herbel (1965) waliyafufua madaftari hayo na kuyalinganisha na hali ya mwaka 1963. Katika eneo la takriban hekta 58,000, sehemu yenye nyasi nzuri ilikuwa imeshuka kutoka zaidi ya asilimia 90 hadi chini ya asilimia 25. Nafasi ya nyasi ilikuwa imetwaliwa na vichaka, hasa Larrea tridentata na Prosopis glandulosa.

Kwa muda mrefu mageuzi hayo yalielezwa kwa kuegemea maji. Kituo cha utafiti cha Jornada kilianzishwa mwaka 1912 kwa ajili ya ufugaji, na kichaka kilitazamwa kwa jicho la mfugaji: kilikuwa adui anayezinyang'anya nyasi maji. Kwa sababu hiyo vichaka viling'olewa, vikakatwa na hatimaye vikanyunyiziwa sumu. Nadharia nayo ilielekea huko huko. Makala ya Noy-Meir (1973), ambayo imekuwa msingi wa ikolojia ya majangwa, ilifafanua jangwa kuwa mfumo unaotawaliwa na maji yanayokuja kwa vipindi vichache visivyotabirika. Ufafanuzi huo ni sahihi, lakini haujitoshelezi. Katika siku chache baada ya mvua kubwa, mmea wa jangwani haukosi maji. Unachokosa mara nyingi ni nitrojeni.

Dalili za upungufu wa maelezo hayo zilikuwa zimekwisha kuonekana. Garcia-Moya na McKell (1970) walipima nitrojeni katika jangwa la California na kukuta kwamba udongo ulio chini ya vichaka una nitrojeni nyingi kuliko ulio wazi baina yao. Charley na West (1975) walikuta hali inayofanana na hiyo katika nusu jangwa la Utah. Wataalamu wakaanza kuzungumzia "visiwa vya rutuba". Namna visiwa hivyo vinavyojengwa haina fumbo kubwa. Majani hudondoka na kuozea chini ya mmea uleule. Vumbi linalopeperushwa na upepo hunaswa na matawi. Wanyama hujificha kivulini na kuacha samadi. Nayo mizizi ya pembeni huvuta virutubisho kutoka kwenye eneo tupu na kuvirudisha shinani. Katika udongo wa mchanga, Prosopis hukusanya mchanga mwingi kiasi cha kusimama juu ya tuta lake lenyewe.

Kila kichaka kina njia yake ya kuishi na uhaba huo. Larrea hubaki na majani mwaka mzima, na kabla ya kuyadondosha huondoa sehemu ya nitrojeni na fosforasi iliyomo na kuihifadhi shinani. Fosforasi ni tatizo la pekee huko, kwani hushikwa na chokaa iliyojaa udongoni. Kuvu wanaoishi pamoja na mizizi huusaidia mmea kuifikia. Prosopis, kwa kuwa ni wa jamii ya mikunde, hushirikiana na bakteria wanaogeuza nitrojeni ya hewani kuwa chakula. Utafiti wa miaka ya 1980 ulikuta bakteria hao katika kina cha mita kadhaa ardhini, mahali ambapo watafiti waliochimba udongo wa juu tu wasingeweza kuwaona.

Hatua iliyobadilisha mjadala ni makala ya Schlesinger na wenzake (1990). Hoja yao ilikuwa kwamba nyika ya nyasi ina maji na nitrojeni vilivyotawanyika kwa usawa kiasi. Ufugaji uliopita kiasi unapovuruga usawa huo, rutuba hujikusanya mahali pachache, vichaka huota hapo, na kwa kuota kwao huzidisha mkusanyiko. Kwa hiyo tofauti ya rutuba ambayo kichaka kinaikabili ni, kwa kiasi kikubwa, kazi ya kichaka chenyewe.

Je, hilo lilithibitishwaje? Mwaka 1996 Schlesinger na wenzake walionyesha kwamba katika nyika ya nyasi sehemu kubwa ya tofauti za nitrojeni hujitokeza ndani ya umbali usiofika sentimita 20, ilhali penye vichaka hutanda hadi umbali wa takriban mita moja hadi tatu, yaani upana wa kichaka. Ushahidi wenye nguvu zaidi, ingawa hutajwa kwa nadra, ni ule wa aina za virutubisho. Nitrojeni, fosforasi na potasiamu, ambazo mimea inazihitaji sana, zilijikusanya chini ya vichaka. Sodiamu, kalisi na magnesi kwa kawaida zilizidi katika eneo la wazi. Kama upepo na maji peke yao vingekuwa ndivyo vilivyosomba udongo, ni vigumu kueleza uteuzi huo.

Matokeo haya yanaeleza kwa nini kuua vichaka mara nyingi hakukurudisha nyasi: kichaka kikifa, eneo lililo wazi hubaki fukara na upepo huendelea kulichota. Suala hili halihusu Marekani pekee. Katika miaka ya 1980 Prosopis juliflora, uitwao mathenge, ulipandwa Baringo nchini Kenya ili kutoa kuni na kuzuia mmomonyoko wa udongo. Sifa zilezile zilizoufanya ustahimili ardhi iliyochoka ziliufanya uteke malisho, hata wafugaji wa Ilchamus wakaishtaki serikali mahakamani.

Huko Jornada, watafiti wa miaka ya karibuni wamejaribu njia tofauti: badala ya kushambulia vichaka, wanasimika vizuizi vidogo vya wavu katika nafasi tupu zilizo baina yao, ili vumbi, majani makavu na mbegu vinaswe huko kabla ya kufika shinani.