Basenji: mbwa mdogo wa Congo, na maulizo ya kumuuliza mfugaji

Wengi wanaotafuta mbwa mdogo wa nyumbani wanafikiria mbwa wa Ulaya. Wanasahau kwamba basenji, anayejulikana dunia nzima, alitoka katika misitu ya Congo. Urefu wake mpaka mabegani ni karibu sentimita 40, uzito kilo 10 hivi. Habweki kama mbwa wengine; akifurahi hutoa sauti kama ya wimbo. Ndiyo sababu wawindaji wetu humfunga kengele ya mti, wajue yuko wapi porini.

Jina lake lina uchungu. Neno la Kiswahili «washenzi» liliingia katika Lingala likawa «basenji», yaani watu wa pori. Mbwa wao wakaitwa hivyo. Wazungu walimchukua mbwa pamoja na tusi lake.

Mwaka 1895 basenji wawili walipelekwa Uingereza. Walikufa upesi kwa distempa, ugonjwa wa virusi unaoua sana watoto wa mbwa. Mwaka 1937 Bibi Olivia Burn aliwaonyesha basenji wake kwenye maonyesho ya Crufts, London, na watu wakajaa kuwatazama. Mwaka huohuo wengine walifika Marekani. Distempa ikawaua karibu wote. Mwaka 1943 chama cha American Kennel Club kiliwakubali rasmi.

Lakini basenji wa kule walitokana na mbwa wachache tu. Ndugu wakazalishwa na ndugu, na ugonjwa wa figo unaoitwa Fanconi ukaenea. Ikabidi warudi kwetu. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji Wamarekani walitembea vijiji vya kaskazini-mashariki ya Zaire wakichagua watoto wa mbwa. Mwaka 1990 chama kile kilifungua daftari lake ili damu hiyo mpya iandikwe. Mbwa aliyeitwa wa washenzi ndiye aliyetafutwa kuokoa mbwa wa matajiri.

Historia hii inakupa maulizo kabla ya kutoa pesa yako. Mama wa mtoto huyu yuko wapi, naweza kumwona? Baba na mama ni ndugu? Amechanjwa distempa? Chanjo ya kichaa cha mbwa atapata lini? Kama ni basenji, wazazi walipimwa Fanconi? Kipimo cha DNA kipo. Uliza pia mama anazaa mara ngapi. Jike la basenji kwa kawaida hutaka dume mara moja tu kwa mwaka. Akiambiwa amezaa mara mbili, una haki ya kuwa na mashaka.

Mfugaji mwema hakasiriki akiulizwa. Naye atakuuliza mbwa atalala wapi na nani atamlisha. Anayetaka pesa tu, bila ulizo lolote, muage kwa heshima uende zako. Na mbwa wa kijijini kwenu usimdharau: mpeleke achanjwe.