Kardinali Aliyetimiza Ahadi

Juma hili nataka tuitazame picha. Najua redio haina macho, lakini nivumilie.

Nimeletewa kitabu cha zamani, na ndani yake mna picha ya Kardinali Rudolf, Askofu Mkuu wa Olomouc, mji ulioko katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Czech. Si picha ya kamera. Fundi alichukua bamba la shaba, akalichora mistari myembamba kwa chombo cha chuma chenye ncha kali, akapaka wino, akafuta ili wino ubaki kwenye mifereji tu, kisha akakandamiza juu yake karatasi yenye unyevu. Wakati ule ndivyo sura za wakubwa zilivyowafikia watu wa kawaida. Wekundu wa joho la kardinali umegeuka mistari myeusi. Naona msalaba kifuani na uso mpole. Muziki sikuuona mahali popote.

Rudolf alizaliwa Florence mwaka 1788, mtoto wa kumi na sita na wa mwisho wa Leopold, aliyekuja kuwa Kaizari. Afya yake ilikuwa dhaifu, akisumbuliwa na kifafa, na maisha ya jeshi hayakumfaa. Akaelekezwa Kanisani. Lakini kabla ya joho kilitangulia kinanda, na mwalimu wake alikuwa Ludwig van Beethoven.

Mwalimu huyo hakuwa mtu mwepisi. Ferdinand Ries, aliyekuwa naye mwanafunzi wa Beethoven, ameandika kwamba watumishi wa kasri walimchosha mwalimu kwa kumfundisha adabu za kifalme, hata siku moja akaingia kwa Rudolf akiwa amekasirika na kusema hayawezi mambo hayo. Rudolf alicheka, akaamuru aachwe alivyo.

Mwaka 1808 Beethoven aliitwa kwenda kufanya kazi kwa Mfalme wa Westphalia, nduguye Napoleon. Ili asiondoke, mwaka 1809 wakubwa watatu walitia saini mkataba wa kumlipa florini 4,000 kila mwaka: Kinsky 1,800, Lobkowitz 700, na Rudolf, kijana wa miaka 21, florini 1,500. Sharti lilikuwa moja tu, abaki Vienna au mji mwingine wa milki ya Austria.

Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu. Mwaka 1811 serikali ya Austria, iliyofilisiwa na vita, ilishusha thamani ya fedha zake za karatasi hadi sehemu moja ya tano. Sisi tulioiona shilingi ikishuka thamani miaka ya 1980 hatuhitaji kuelezwa mshahara uliandikwa nini na sokoni ulinunua nini. Lobkowitz aliishiwa, akaacha kulipa. Kinsky alianguka kutoka juu ya farasi mwaka 1812, akafa, na Beethoven ikambidi apelekane mahakamani na warithi. Rudolf peke yake alikubali mara moja kulipa florini zake zote 1,500 kwa fedha mpya, bila kupunguza.

Ahadi ni rahisi mbele ya wageni, fedha zikiwapo. Nimewaona wafadhili wengi wa bendi jukwaani siku ya uzinduzi. Siku ya kununua nyuzi za gitaa ni wachache.

Beethoven naye hakuwa malaika. Alinung'unika katika barua kwamba masomo ya Rudolf yanamlia muda wa kutunga. Hata hivyo hakuna mtu aliyemtunukia kazi nyingi kubwa kuliko huyu: konseto ya piano ya nne na ya tano, na ile kazi ya piano, fidla na cello ambayo hadi leo huitwa kwa cheo chake, "Archduke". Rudolf alipochaguliwa kuwa askofu mkuu mwaka 1819, Beethoven alimtungia misa ya kusimikwa kwake. Sherehe ilifanyika Machi 1820. Misa ilifika Machi 1823.

Miaka mitatu baada ya shughuli! Kardinali aliipokea.

Alifariki mwaka 1831 mjini Baden, akiwa na miaka 43. Mwili wake ulizikwa Vienna, moyo wake ukapelekwa kanisa kuu la Olomouc. Maktaba yake ya muziki aliwaachia Chama cha Marafiki wa Muziki cha Vienna, nao wanayo hadi leo.