Besi Ambayo Redio Haikuileta

Ndugu msikilizaji, katika lugha ya wanamuziki wetu wa dansi hakuna neno dogo lenye kuuma kama kuambiwa kwamba bendi yako ni ya kopi. Maana yake huna nyimbo zako mwenyewe, unapiga za wenzako waliokwisha kuzitolea jasho. Mimi niliambiwa hivyo kwa miaka minane, tangu mwaka 1978 hadi 1986, na sikuwa na la kujibu kwa sababu ilikuwa kweli. Nilikuwa mpiga besi wa ridhaa katika bendi ndogo ya Litembo, kule juu kwenye milima ya Umatengo, wilayani Mbinga. Siku za kazi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mmoja wa wale walioingizwa madarasani harakaharaka wakati wa mpango wa Elimu kwa Wote wa mwaka 1977. Jumamosi usiku nilikuwa nusu Morogoro Jazz na nusu Mlimani Park.

Kwa asiyepajua, Litembo ni misheni ya Kikatoliki, hospitali na mashamba. Mahindi na maharage hulimwa kwa ngoro, yale mashimo ya Wamatengo yanayoshika maji na udongo mlimani, na kando yake ni kahawa. Mwezi wa Julai baridi yake si ya mchezo. Dansi letu lilifuata kahawa. Malipo ya wakulima yakitoka, ukumbi hujaa. Yakichelewa, tunapigiana sisi wenyewe.

Katika bendi tulikuwamo walimu wawili, mhudumu wa hospitali, dereva na wakulima. Vyombo vilikuwa magitaa matatu, yaani solo, ridhimu na besi, pamoja na tumba na drams ambazo ngozi yake tuliiwamba wenyewe. Umeme ulikuwa wa jenereta ya kuazima, na mwenye jenereta akiudhika, dansi limekwisha. Vijana wa leo hawataelewa shida ya nyuzi za besi katika miaka ile. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilipokwisha, madukani hapakuwa na sabuni wala sukari, sembuse uzi wa gitaa. Nyuzi zikichoka na kuwa butu nilizichemsha katika sufuria ili jasho na uchafu vitoke, na kwa wiki mbili hivi zilirudi kulia vizuri. Uzi mmoja ulipokatika nilifunga waya wa breki ya baiskeli. Ulilia, ingawa vidole vililipa.

Sasa nieleze tulivyojifunza nyimbo, maana ndipo penye kisa chenyewe. Sahani za santuri zilikuwa adimu. Nchi yetu haikuwa na kiwanda cha kuzitengeneza. Nyimbo za bendi zetu zilichapwa Kenya, na mpaka ulipofungwa mwaka 1977 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, hata njia hiyo ikaziba. Kilichobaki ni Redio Tanzania Dar es Salaam, iliyorekodi bendi katika studio zake na kuzirusha hewani. Jioni tulikaa kuizunguka redio moja ya betri kama watu wanaoota moto. Mwimbaji aliandika maneno kwenye daftari, mpiga solo alifuatisha kwa mdomo, wa ridhimu alitafuta nyuzi zake. Wimbo ukipigwa mara mbili kwa wiki, wenzangu wote walikuwa wameshaupata.

Mimi sikupata kitu. Redio ile ilikuwa na spika isiyozidi kiganja cha mtoto, na spika ndogo haina nguvu ya kusukuma hewa hata itoe sauti nene. Juu ya hayo mawimbi yalitufikia yamechoka, yanazama na kuibuka, kutoka Dar es Salaam hadi ng'ambo ile ya milima. Sauti za waimbaji zilifika. Solo ilifika, tena ikimetameta. Besi ilibaki njiani. Nilisikia kama mtu anayetembea chumba cha pili, unajua yupo lakini hujui anakanyaga wapi. Kwa hiyo nikatunga. Sikujua kama natunga. Niliamini nakisia, na kwamba nimekisia sawasawa.

Mwaka 1983 bendi moja kubwa ya Dar es Salaam ilifika Songea katika ziara ya mikoani. Niliomba ruhusa, nikapanda lori, nikafika ukumbini mapema na kusimama mbele kabisa, kando ya spika ya besi iliyokuwa na kimo changu. Walianza na wimbo ambao mimi mwenyewe nilikuwa nimeupiga zaidi ya mara mia. Ndugu msikilizaji, niliona haya nikiwa peke yangu katikati ya umati. Besi ile haikufanana na yangu hata kidogo. Mpigaji alikuwa anapanda na kushuka bila kupumzika, anazungumza na solo, anamjibu mwimbaji. Yangu ilikuwa inapiga mara mbili, inanyamaza, inapiga tena. Miaka mitano nilikuwa napiga wimbo mwingine chini ya wimbo wao.

Nilirudi Litembo na besi halali kichwani. Nilifanya mazoezi wiki tatu, nikaipata kwa kadiri ya uwezo wangu. Jumamosi ya nne tukaipiga. Watu walicheza, kisha wakakaa. Wimbo wa pili wakakaa zaidi. Mwanamke mmoja, muuza pombe tuliyemheshimu kwa kuwa hakuficha neno, alikuja mpaka jukwaani akaniuliza, "Mwalimu, unaumwa?" Nikamwambia hiyo ndiyo besi yenyewe kama inavyopigwa Dar es Salaam. Akasema, "Basi warudishie wenyewe."

Aliyenifumbua macho alikuwa mzee kutoka Liuli, kule chini ziwani, aliyemleta mkewe kutibiwa hospitalini. Jioni moja alikuja kusikiliza mazoezi. Nilikuwa nimekwisha kukata tamaa, narudia besi yangu ya zamani bila moyo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akatulia kwa muda. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, mganda umejifunzia wapi?" Nikamjibu, "Baba, mimi sichezi mganda, hili ni gitaa." Akacheka. "Gitaa ni chombo tu. Hiyo ni ngoma kubwa ya mganda."

Nilitaka kubisha, lakini mkono wangu ulikuwa umeshajua kwamba anasema kweli. Mganda nimekua nao. Ni ngoma ya wanaume wa pwani ya Ziwa Nyasa, iliyopanda hata huku milimani. Wachezaji hujipanga mistari, nguo safi, hatua za taratibu, huku wakipuliza vibuyu vilivyozibwa tundu kwa utando wa buibui ili vitoe sauti ya kulialia. Katikati huwa na ngoma kubwa isiyo na maneno mengi: inapiga, inanyamaza, na miguu ya wachezaji inajaza pale iliponyamaza. Niliposhindwa kuisikia besi ya redio, vidole vyangu vilichota pale palipokuwa na akiba.

Na huo mganda wenyewe umetoka wapi? Umetoka kwenye kopi. Wenzetu wa Malawi, ng'ambo ya ziwa, wana ngoma ya aina hiyo hiyo wanayoiita malipenga, na zote mbili zimetokana na gwaride na matarumbeta ya askari wa Kiafrika wa jeshi la Waingereza, hasa baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya 1914 hadi 1918. Pwani ya Bahari ya Hindi walikuwa wameshatangulia kwa beni tangu mwisho wa karne ya 19. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya beni, kilichotoka mwaka 1975. Vijana wa ziwani waliona bendi ya jeshi, hawakuwa na tarumbeta, wakachukua kibuyu. Kama mimi ni mwizi, basi nilimwibia mwizi.

Wakubwa wetu wa mjini nao hawakuanza vingine. Mwaka 1933 kampuni ya HMV ilianza kuuza Afrika sahani za mfululizo wa GV, ambazo nyingi zilikuwa muziki wa Kuba, ukiwamo wimbo El Manisero uliorekodiwa New York mwaka 1930. Zilipendwa mno kwa sababu masikio yetu yalizitambua; Wakuba wenyewe walikuwa wamelea midundo iliyovushwa bahari pamoja na watumwa wa Kiafrika. Salum Abdallah wa Morogoro alipoanzisha bendi mwaka 1948 aliiita La Paloma, jina la Kihispania, na baadaye ikawa Cuban Marimba. Hadi anafariki mwaka 1965 hakuna aliyethubutu kumwita mpiga kopi, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuugeuza muziki ule ukawa wa Morogoro. Nakiri kwamba sisi wa Litembo hatukufika umbali huo. Tuligeuza besi peke yake, tena kwa bahati mbaya ya spika.

Bendi yetu ilikufa pole pole kama zilivyokufa nyingi za aina yake. Disko liliingia, mtu mmoja na kaseti zake anakula kidogo kuliko watu tisa. Mwaka 1986 nilihamishwa kikazi, nikamwachia gitaa kijana aliyelipenda. Miaka hiyo pwani ya Liuli na Mbamba Bay ilikuwa bado chini ya Mbinga. Wilaya ya Nyasa iliundwa mwaka 2012.

Kanda za bendi kubwa zilizorekodiwa na Redio Tanzania zimekuwa urithi wa taifa, na ni haki yake. Sisi hakuna redio iliyotuita. Nilikuwa najua kwamba mwaka 1985, katika harusi moja hapo Litembo, mtu alituwekea redio kaseti mbele ya jukwaa akabonyeza kurekodi. Niliitafuta kanda hiyo kwa muda mrefu, na hatimaye jamaa mmoja wa familia ile akanipatia. Nilijifungia chumbani nikaiwasha. Mwimbaji wetu yupo, Mungu amrehemu. Solo ipo, tumba zipo, vigelegele vya akina mama vipo, hata sauti ya mtu anayedai chenji yake mlangoni ipo. Nikasogeza sikio hadi kwenye spika. Kile kipaza sauti kilikuwa kidogo kama punje ya harage, na besi hakikuichukua.