Kutoka "Panda Gari" hadi "Asanteni": Neno la Shukrani katika Historia ya Uganda

Wanahistoria hutafuta ushahidi katika mikataba, barua za watawala na magazeti ya zamani. Shukrani za kila siku hazimo humo. Mtu akipewa maji ya kunywa akashukuru, hakuna karani anayeandika. Kwa sababu hiyo simu ya mkononi ni hazina kwa mwanafunzi wa historia, maana shukrani za watu wa kawaida sasa zinaandikwa kila siku, zikiwa na tarehe na saa.

Insha hii inauliza swali moja. Kijana wa Uganda humshukuru mama yake kwa Kiganda, Kiacholi au Kinyankole, na mhadhiri wake kwa Kiingereza. Lakini akiwa katika kundi la WhatsApp lenye watu wa kila pembe ya nchi, mara nyingi huandika "asanteni sana". Kwa nini achague Kiswahili, lugha ambayo wazazi na mababu zetu wengi waliiogopa? Ninadai kwamba neno hili lilikataliwa lilipokuja kwa amri, likakubaliwa watu walipolihitaji wenyewe.

Tuanze na maana. "Asante" limetokana na neno la Kiarabu ahsanta, yaani "umefanya vyema". Kwa hiyo anayesema asante hasemi jinsi anavyojisikia moyoni. Anasifu tendo la mwenzake. Lugha za majirani zetu zinafanya vivyo hivyo. Mnyarwanda na Mrundi husema "murakoze", neno linalotokana na kitenzi gukora, kufanya kazi au kutenda. Mwacholi husema "apwoyo", kutoka kitenzi chenye maana ya kusifu. Kiganda kina "weebale", na mara nyingi tendo lenyewe hutajwa: "weebale kufumba" kwa aliyepika, "weebale emirimu" kwa aliyefanya kazi. Mpita njia akimkuta mtu akilima shamba lake mwenyewe humwambia "gyebaleko", ingawa mpita njia huyo hatavuna chochote pale. Hivyo "asante" ilipofika Uganda haikukuta watu wasiojua kushukuru. Ilikuta maneno yenye mantiki ileile.

Labda hii ndiyo sababu haikuingia mapema. Kiswahili kilifika Buganda pamoja na wafanyabiashara wa pwani katika enzi ya Kabaka Suna II. Mrithi wake, Mutesa I, alijifunza Kiswahili na Kiarabu, na wamisionari wa Kiprotestanti walipowasili mwaka 1877 walikuta Kiswahili kikieleweka katika kasri lake. Alama za wakati huo zimo ndani ya Kiganda hadi leo: ekitabo ni kitabu, ebbaluwa ni barua, ekkalaamu ni kalamu, emmeeza ni meza. Watu wa Buganda walipokea vitu vipya pamoja na majina yake. Shukrani haikuwa kitu kipya, kwa hiyo wakabaki na "weebale" yao.

Katika karne ya 20 tatizo likawa la kisiasa. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kipewe nafasi kubwa katika elimu na utawala wa Uganda. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa II alipinga hadharani. Kwake, kukubali Kiswahili kulikuwa hatari kwa Kiganda na kwa hadhi ya ufalme. Shuleni Kiswahili kikafifia, lakini kikabaki katika polisi na katika jeshi la King's African Rifles, ambako askari wa makabila mengi walihitaji lugha moja. Matokeo yake yalikuwa mazito: raia wengi hawakukisikia Kiswahili kwa mwalimu wala kwa jirani, walikisikia kwa mtu mwenye bunduki.

Idi Amin alitoka katika jeshi hilohilo. Mwaka 1973 alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Tangazo hilo halikuwafanya watu wakipende, kwani utawala uliokitangaza ndio uliokuwa ukiua raia. Aprili 1979 majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni yaliingia Kampala, umati ukatoka kuyashangilia, na kwa kitambo Kiswahili kikawa lugha ya wakombozi. Hata hivyo, miaka ya mwanzo ya 1980 ilileta misako ambayo watu waliipa jina la "panda gari". Askari walizingira mtaa, wakawakusanya watu na kuwapakia kwenye malori, na baadhi yao hawakurudi. Tuyatazame maneno hayo mawili kama wanafunzi wa lugha. Ni kitenzi cha amri na nomino. Kuna wazee ambao Kiswahili wanachokikumbuka kuliko chote ni hicho. Kiswahili cha kizuizini kilikuwa cha kuamuru tu: toa, leta, lala chini. Lugha ambayo mtu huisikia ikiamuru tu hawezi kuitumia kushukuru, hata kama anajua kwamba "asante" ipo.

Mabadiliko hayakuanzia bungeni. Simu za mkononi zilianza Uganda mwaka 1995 kupitia Celtel, na MTN ikafuata mwaka 1998. Ujumbe mfupi ulikuwa na nafasi ya herufi 160 na kila ujumbe ulilipiwa. Mwaka 2009 ilianza huduma ya MTN ya kutuma pesa kwa simu. Kisha zikaja simu janja na makundi ya WhatsApp. Ndipo mambo mawili yakakutana: pesa zilianza kutoka kwa watu walio mbali, na watu hao hawakuwa tena wa lugha moja.

Mfano mzuri ni mabugo, yaani michango ya msiba. Zamani katika Buganda neno hilo lilihusu nguo za gome la mti wa mutuba zilizoletwa kwa ajili ya kumzika marehemu. Siku hizi mabugo ni fedha, na nyingi hupitia kwenye simu. Anafiwa mwanafunzi mwenzetu, linaundwa kundi, mweka hazina anaandika majina na kiasi cha kila mmoja, orodha ikirefuka saa hadi saa. Mchango unatoka Gulu, mwingine Mbarara, mwingine Arua, mwingine kwa rafiki aliye Nairobi au Goma. Mfiwa atashukuru kwa lugha gani? Akiandika "mweebale" pekee, aliyechangia kutoka Gulu anaweza kuhisi kwamba kundi ni la Baganda. Akiandika kwa Kiingereza pekee, ujumbe unasomeka kama barua ya ofisini. Katika makundi niliyomo, wengi huweka zote mbili kisha huongeza "asanteni sana". Rafiki wa Goma hujibu kwa "aksanti" ya kwao, na wote huelewana. Kwa kuwa Kiswahili hakina kabila nchini Uganda, hakuna anayejiona mgeni. Sifa hiyohiyo ndiyo iliyokifanya kifae jeshini, na leo inakifanya kifae msibani.

Mtu anaweza kupinga akisema kwamba shukrani za mtandaoni ni nyepesi. Pingamizi hili lina uzito. "Weebale kufumba" hulitaja tendo. Alama ya viganja viwili vilivyounganishwa hailitaji. Simu iliyowekwa katika Kiingereza huchora mstari mwekundu chini ya "weebale" na "apwoyo", kana kwamba mwenye simu amekosea kumshukuru mama yake. Anayechoka kusahihishwa huishia kubonyeza kijipicha. Hapo kuna hasara ya kweli, na hasara hiyo haiwapati wasemaji wa lugha zote kwa kiwango kimoja. Lakini ile orodha ya mabugo ni jibu. Kila jina limeandikwa pamoja na alichotoa mwenyewe, na shukrani hufuata chini yake. Tendo linatajwa, kama zamani, ila kwa namna nyingine.

Mwaka 2018 jambo hili liligusa siasa za nchi. Mwezi Machi Rais Museveni alimwandikia waziri wa fedha akitaka mitandao ya kijamii itozwe kodi, na mazungumzo ya huko akayaita lugambo, yaani umbea kwa Kiganda. Kuanzia tarehe 1 Julai mtumiaji alitakiwa kulipa shilingi 200 kwa siku kabla ya kufungua WhatsApp au Facebook. Kodi hiyo iliondolewa mwaka 2021, na mahali pake ikawekwa kodi ya asilimia 12 kwenye data. Sikatai kwamba umbea upo. Lakini jina hilo lilifunika mambo mengine yote: rambirambi, michango, habari za mgonjwa, na shukrani. Kwa mujibu wa kodi ile, aliyetaka kusema "asanteni" kwa waliomsaidia kumzika baba yake alilipa sawa na mmbea.

Wakati huohuo serikali ilikuwa ikikipandisha Kiswahili kisheria. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha utekelezaji wake pamoja na kufundishwa kwa lazima shuleni. Hatua hizi ni njema, nami ni miongoni mwa wanaofaidika nazo. Hata hivyo, historia ya mwaka 1927 na ya mwaka 1973 inatuonya kwamba amri peke yake haitoshi. Anayefundishwa Kiswahili kwa lazima atakumbuka ulazima huo kama mtangulizi wake alivyokumbuka lori.

Kwa hiyo nina mapendekezo mawili. La kwanza ni kwa walimu wa Kiswahili nchini kwetu: somo la kwanza lianze na shukrani, na mwanafunzi aonyeshwe kwamba asante, weebale, apwoyo na murakoze zote zinalisifu tendo. Atagundua kwamba anajifunza namna nyingine ya kusema jambo analolijua tangu nyumbani. La pili ni kwa wanafunzi wenzangu wa historia: tuziombe familia ruhusa ya kuhifadhi orodha zao za mabugo na ujumbe wa shukrani kabla simu hazijaharibika. Kumbukumbu za serikali zitatuambia Kiswahili kilitangazwa lini. Jinsi watu walivyoacha kukiogopa itatubidi tuisome katika orodha hizo.